Sampo ya Mti wa Lozi

Nilinunua mti mmoja wa lozi na mmoja wa hezeli, nikaiweka kwenye ndoo juu ya paa, kisha nikakaa miaka mitatu nikiisubiri izae ili nikiridhika niagize mingine. Mkulima yeyote anayesoma hapa na acheke kwanza, amalize, ndipo tuendelee.

Kosa lenyewe lina asili yake. Nyumba yetu ni nyumba ya mikoba. Mke wangu anainunua Shiling, mji wa viwanda vya mikoba huku China, anaipeleka Kariakoo, na kwa watu wa kazi hii hakuna mwenye akili anayeagiza katoni kabla hajashika sampo. Unachukua mkoba mmoja, unakuja nao nyumbani, unafungua zipu na kuifunga mpaka uchoke, unautundika karibu na dirisha uone gundi itaachia lini. Ukikupendeza ndiyo unarudi kwa laobani, mwenye kiwanda, unamwambia haya sasa, nitolee mzigo. Nimeishi na sampo tangu nifike Guangzhou. Zimejaa chini ya kitanda na juu ya kabati, na vitunguu vyetu vinakaa ndani ya mkoba wa kike wa zambarau ulioshindwa mtihani wa zipu. Kwa hiyo nilipofungua simu kununua miti, kidole kilikwenda chenyewe kwenye namba moja. Mmoja wa lozi, mmoja wa hezeli, tuone kwanza.

Mimi ni mume wa kukaa nyumbani. Nilijaribu biashara, sikatai. Siku ya kwanza kwenda Shiling gari la kukodi lilinitapisha njia nzima, na nilipofika dukani nikausifia mkoba mbele ya mwenye duka, bei ikapanda hapohapo nikiitazama. Mke wangu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Baba, wewe kaa nyumbani, nyumba nayo inataka mtu." Nikakaa. Nikapika, nikafunga mizigo, nikabandika lebo, na mtoto wetu alipozaliwa nikawa ndiye yaya, mpishi, msusi na baadaye mwalimu. Kusuka nilijifunza kwenye simu. Mistari yangu ilianza vizuri kwenye paji la uso na kupotea njia kisogoni, na binti yangu alikuwa akikaa kati ya magoti yangu ananishika mkono kwa nyuma, ananiambia, "Baba, hapo umekata kona."

Mti wa lozi ulikuwa wa mke wangu, mtu wa Unguja, ambaye Ijumaa bila maziwa ya lozi kwake ni Jumatano tu. Wa hezeli, ile karanga ya duara iliyomo kwenye chokoleti ya kupaka mkate, ulikuwa wa binti yetu. Alikuwa na miaka minne, na aliamini tukiwa na mti huo chokoleti itachuruzika yenyewe.

Paa hilo tunalitumia na jirani mmoja, mama wa Mombasa anayekaa mlango unaotazamana na wetu. Ananunua nguo Kangle, anasafirisha kwao. Mdomo wake haujawahi kupitia forodha. Kila akipanda kuanika nguo alinikuta nimechuchumaa mbele ya ndoo zangu.

"Shemeji, mwanamume mzima, kutwa uko juu ya dari wakodolea vijiti?"

"Ni miti hii, dada. Subiri."

"Mie mbegu za sukuma wiki ninazo, zimetoka nyumbani, zaozea kabatini. Ninalokosa ni ndoo. Na ndoo zote umezitia vijiti."

Ndoo zilikuwa za rangi ya ukuta, kubwa kubwa, nilizookota kwa mafundi wa ghorofa ya chini na kuzisugua mwenyewe. Nilijifanya sikusikia.

Mambo yalibadilika binti yetu alipokaribia umri wa kuanza darasa la kwanza. Watu wa huku wanaelewa. Shule za hapa za wageni ada zake zinaongea lugha ya kontena, na za serikali zinataka karatasi ambazo sisi wa viza ya kila mwaka hatuna. Kwa hiyo watoto wengi wakifika umri huo hurudishwa nyumbani kwa bibi zao. Ndiyo desturi yetu. Kila mtu anaijua, na kila mtu hulia uwanja wa ndege kana kwamba ameisikia siku hiyo.

Mama yangu yuko Tanga. Alishatenga kitanda. Binamu wa binti yetu wanasoma shule iliyo mtaa wa pili kutoka kwake, na kila Jumapili walipopiga simu walijipanga mbele ya kamera na sketi zao za buluu na mashati meupe kama wanajeshi. Binti yangu alikuwa akiweka pua kwenye kioo cha simu. Siku moja aliniuliza kama sketi ile inauzwa Kangle.

Mke wangu alianzisha mazungumzo tukiwa tunakunywa chai. "Januari aanze. Nimeongea na mama."

Mtu mwenye cheti cha kidato cha nne kilichopatikana kwa huruma ya msahihishaji hawezi kusimama akasema atamfundisha mtoto mwenyewe mpaka mwisho. Nikatazama juu, kwenye dari, na huko juu ya dari ndiko ilikokuwa miti. Nikasema, "Asubiri kidogo mti uzae. Ale lozi ya kwanza ya mti wetu, ndipo aondoke. Ataondoka vipi hajala?"

Nilitegemea mke wangu anicheke. Akakoroga chai yake ambayo ilikuwa imeshakorogwa, akasema, "Haya. Mti ukizaa, anakwenda."

Binti yetu alikuwa papo hapo, mdomo umejaa mkate. Kuanzia kesho yake, kabla hajanawa uso, akawa anapanda ngazi kwenda kuikagua miti. Mimi nabaki jikoni nasikiliza. Baadaye inashuka sauti, kwa neno la sokoni alilolijua kabla hajajua kusema shikamoo, lile ambalo laobani hukujibu mzigo ukiwa umekwisha: "Meyo, Baba! Meyo!" Hakuna. Na mimi, Mungu anisamehe, nageuza chapati yangu nikiwa mtu mwenye furaha.

Januari ile ikapita. Meyo.

Machi iliyofuata, katika ile miezi ambayo kuta zetu hutoka jasho na taulo halikauki wiki nzima, nikaona vichomozo vimevimba kwenye tawi la lozi. Nikapiga picha nikamtumia muuza miche. Huyu yuko kaskazini, mbali kabisa na hapa. Mimi naandika Kiswahili, simu inageuza Kichina, anajibu, na simu inaniletea Kiswahili kilichovaa viatu kinyume.

Nikamwuliza, "Huu utazaa lini?"

"Wenzake wako wangapi?"

"Uko peke yake."

Akanitumia vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Halafu akaanza kunisomesha, kwa subira, na ndipo nilipojua. Ua la lozi, kwa aina nyingi, halikubali chavua ya mti wake wenyewe. Linataka ya aina nyingine iliyochanua wakati huohuo, na nyuki wa kuileta. Hezeli yeye hutegemea upepo, lakini tabia ni ileile, lazima awepo wa aina nyingine karibu. "Rafiki," simu ikanitafsiria, "mti mmoja ni pambo la nyumba."

Nilishusha pumzi kama mtu aliyesamehewa deni. Sampo yangu haitazaa kamwe. Ningenyamaza hapo ningekuwa na akili, lakini furaha ilinitoka mdomoni wakati wa chakula. Nikasema, kwa sauti ya masikitiko niliyoitengeneza vizuri, kwamba kumbe mti unataka mwenzake, bila hivyo ndiyo basi tena.

Binti yangu aliweka kijiko chini. "Sasa si umnunulie mwenzake?"

Mke wangu akainama kwenye sahani yake. "Ndiyo, Baba. Mnunulie."

Basi ikabidi nichague. Watu wakichagua miti ya bustani hutafuta utamu, na wingi, na uzao wa haraka. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki juu ya paa, simu mkononi, nikitafuta mti utakaoshindwa. Na kuchagua mti wa kushindwa kunataka elimu zaidi kuliko kuchagua wa kufaulu, nakwambia. Nilisoma kuliko nilivyosomea mtihani wowote. Nikajua kuna lozi za ganda la karatasi, ambazo mtoto huvunja kwa vidole viwili, na kuna za ganda gumu la kutafutia nyundo. Nikajua kuna zinazochanua mapema, baridi haijaondoka vizuri, na nyingine zinazochelewa mpaka za kwanza zimeshapukutisha maua. Hezeli za huyu bwana hazikuwa hata na majina, zilikuwa na namba, kama vyumba vya gesti.

Muuza miche alinionea huruma. Alinishauri aina moja ya lozi inayojitosheleza, inayozaa hata ikiwa peke yake, nzuri kwa watu wa nafasi ndogo kama mimi. Nikamjibu hapana, asante. Wangu unachanua mapema, kwa hiyo nipe unaochelewa kuliko yote.

"Laobani," akaniita, kama wanavyomwita kila mteja, "hii na ile yako hazitaonana."

"Najua."

"Hakuna matunda."

"Najua. Na hezeli nipe namba ileile niliyonayo."

"Namba moja na namba moja, hazisaidiani!"

"Ndiyo hiyohiyo. Ifunge."

Nadhani kwanza alimwonyesha mkewe. Mwishowe akaandika, na simu ikanitafsiria, "Mteja ndiye mwenye pesa."

Miche ilipofika, jirani yetu alinikuta nafungua maboksi. Akasimama na kapu la nguo kiunoni akahesabu ndoo kwa macho. "Umeongeza tena!" Binti yangu alikuwa akiruka ruka, anaisalimia ile miche mipya kwa kuishika majani kama mikono. Alimwambia kila mmoja jina la mwenzake alilolibuni. Nikashindilia udongo bila kuinua uso. Nilihisi kama mtu aliyeozesha binti za watu kwa bwana aliye safarini moja kwa moja.

Kipindi kile kilikuwa kitamu, sina la kuficha. Asubuhi tulikuwa na masomo mezani, herufi na hesabu, na nilipokwama kwenye kutoa kwa kukopa tulihamia kuchora. Mchana tulimwagilia. Alijua kwamba lozi haipendi miguu yake ilowe na hezeli hunyauka haraka, na alikuwa akinikaripia nikichanganya. Kulikuwa na siku za tufani ambapo tuliziingiza ndoo zote ndani, tukakaa sebuleni baina ya miti kama wanyama, yeye akila mkate wa chokoleti na kuuonyesha ule mti wa hezeli, "Tazama, hivi ndivyo unatakiwa uwe." Mke wangu akirudi kutoka viwandani, miguu imevimba, alikuwa akiuliza kabla hata ya salamu, "Vipi huko juu?" Mtoto anamjibu, "Meyo." Mke wangu anavua viatu polepole. Nilidhani ni uchovu.

Lakini jibu lile lilianza kubadilika. Zamani "meyo" yake ilikuwa habari tu. Kadiri mwaka ulivyosogea ikawa inashuka ngazi ndogo, bila kuita Baba. Na Jumapili simu ya Tanga ikipigwa, akawa anasimama pembeni ambako kamera haimfikii. Bibi yake anamwita, "Mjukuu wangu uko wapi? Njoo unisomee kidogo." Binamu zake walikuwa wanasoma kwa zamu kutoka kwenye kitabu cha hadithi, haraka haraka, kwa majivuno. Yeye alikuwa na miaka saba na bado alikuwa akisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama anavyokwenda mwalimu wake. Niliona. Nikajiambia kwamba nimeona, nikaenda kupika.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, Ijumaa, joto limeanza kulegea. Mke wangu alikuwa nyumbani. Nilikuwa nimeroweka lozi tangu jana yake na asubuhi nikazimenya, tayari kwa kusaga maziwa yake. Nikageuka kutafuta iliki, na niliporudi niliona bakuli limepungua. Nikadhani ni mke wangu, mdokozi wa siku zote.

Sauti ikashuka ngazi, kubwa kuliko tulivyowahi kuisikia. "Yo! Baba, yo! Mama, njooni, imezaa!" Yo ni kinyume cha meyo. Ipo. Mzigo upo.

Tulipanda wote wawili, mke wangu kanga mkononi anajifunga njiani. Jua lilikuwa limelala vizuri kwenye paa. Na miti ilikuwa imezaa kweli. Kila tawi lilining'inia lozi, nyeupe pee, zimeshamenywa, bado zinadondosha maji, kila moja imefungwa kwa uzi wa nailoni, ule ambao mke wangu hujaribia mishono ya mikoba. Mafundo yalikuwa makubwa kuliko lozi zenyewe. Nyingine zilikuwa zimekatika katikati kwa kubanwa na uzi. Hata miti ya hezeli ilikuwa imezaa lozi.

Binti yetu alisimama katikati ya ndoo, mikono nyuma. Alikuwa amevaa begani mkoba wa sampo, ule mdogo wa kahawia uliokataliwa kwa sababu ya bako, kile chuma cha kufungia. Haukufunga vizuri, kwa hiyo nikaona vilivyomo, mswaki, penseli mbili, na daftari letu la herufi.

Akasema, "Sasa naweza kwenda."

Mimi nilitaka kucheka. Mke wangu hakucheka kabisa. Alichuchumaa mbele ya mti, akachuma lozi moja, akaivua uzi wake taratibu, akaitia mdomoni. Akatafuna. Mtoto anamtazama mdomo.

"Tamu," alisema. "Tamu sana. Haya shuka ukanawe uso, halafu tumpigie bibi."

Alishuka akirukia ngazi mbili mbili. Tulipobaki wenyewe, mke wangu hakuinuka. Alikuwa akichuma zile lozi moja moja na kuziweka kwenye pindo la kanga.

Nikasema, "Nina la kukwambia. Niliichagua hii miti isizae. Makusudi. Hii inachanua mapema na ile inachelewa. Na hezeli hizi zote ni namba ileile, haziwezi kupeana kitu."

Akaendelea kuchuma. "Mimi nilimwuliza yule muuza matunda makavu wa mtaa wa Xiaobei. Zamani, wiki ileile tuliyokubaliana pale mezani. Aliniambia kwao lozi inalala kwenye baridi kali, ndipo inaamka kuchanua. Akasema huku kwenu joto hili, hata ukipanda shamba zima, utaota kivuli tu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Ningekwambia ili iweje? Ili aende?" Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mimi nikiwa Shiling najua mko huku juu, wewe na yeye, mnamwagilia. Nilikuwa nafika kwenye lile geti la chini namwomba Mungu nisikie meyo."

Kwa hiyo ujanja wangu wote, usomi wangu wote wa chavua na namba, niliutumia kuzuia mti ambao jiji zima lilikuwa limeshauzuia kwa bure. Nikakaa chini kwenye saruji kando yake. Tulizila zile lozi zilizobaki, nyuzi tukazitema. Tulikuwa watu wazima wawili tuliojificha nyuma ya vijiti vinne, na mtoto ndiye aliyekuja kutufichua.

Mwishowe akasema, "Januari. Safari hii kweli."

"Kweli."

"Ila nani atakaa naye siku za mwanzo? Mimi nina mzigo wa sikukuu, siwezi. Na hajawahi kulala bila mmoja wetu."

"Mimi," nikasema. Lilinitoka kabla sijalipima.

Akanigeukia. Kicheko kile alichokikosa muda wote kikamjia, huku macho bado yamelowa. "Wewe? Wewe ambaye Kangle tu hapo unapaita safarini?"

"Nitakaa muhula mzima. Nitampeleka, nitamrudisha, nitamsuka. Shule itazoea kona zangu."

Akanipangusa mchanga kwenye bega, ambako hakukuwa na mchanga.

Wiki ya kuondoka ilipofika nilikwenda kugonga mlango wa jirani, maana mke wangu angekuwa kutwa viwandani. Nilikuwa nimeyapanga maelezo yangu kichwani na nikayatoa yote palepale mlangoni, kwamba lozi zisimwagiliwe mpaka udongo ukauke juu, kwamba hezeli zisikae kwenye jua la saa nane, kwamba tufani ikitangazwa ndoo ziingizwe ndani, na hii ndogo ya pembeni ina tabia ya kuinama lakini si ugonjwa, ndivyo ilivyo, aiache tu. Binti yangu alikuwa nyuma yangu na mkoba wake wa kahawia, ambao mama yake alikuwa ameubadilisha bako. Alinisahihisha kuhusu jua la saa nane. Ni saa tisa.

Jirani alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akamtazama mtoto, akamtengeneza kola ya shati. Kisha akanitazama mimi.

"Shemeji," alisema, "vijiti vyako havizai na havitazaa, na wewe wajua. Mpeleke mwana skuli. Ndoo niachie mie, nipande sukuma."